MACHICHA YA BUSAA NI MALI

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini machicha ya busaa huoza upesi! Kule Bungoma, unga wa mahindi uliokaangwa na kimea cha wimbi vikishatoa busaa, machicha huachiwa kuku, mengine humwagwa yakanuka. Kumbe bado yana chakula kingi, na uyoga waweza kukila.

Yachukue siku hiyo hiyo, uyakamue. Changanya debe moja na madebe manne ya magunzi yaliyopondwa, ambayo Kitale yamejaa tele. Usizidishe machicha, maana ukungu utawahi. Fukiza kwa mvuke muda wa saa tatu, yaache yapoe. Nawa mikono, tia mbegu za uyoga aina ya Pleurotus, shindilia katika ndoo safi iliyotobolewa ubavuni, funika. Iweke gizani yapata wiki tatu. Nyuzi nyeupe zikienea, ipe mwanga kidogo, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Uyoga utachomoza matunduni.

Ukiona rangi ya kijani, huo ni ukungu: tupa mbali. Na uyoga wa porini usiule ovyo, mwingine huua! Mabaki ni mbolea ya sukumawiki, na mama mpika busaa ataongeza senti za karo. Shime, wenzangu!