Maniema: Salamabila, mbwa wenye njuga wanalinda mpunga na kuleta nyama nyumbani

Watu wengi wanaijua Salamabila, katika eneo la Kabambare, kwa sababu ya dhahabu ya Namoya. Lakini kando ya machimbo kuna mashamba ya mpunga, mahindi na mihogo, na ndani ya majani marefu kuna mwizi: simbiliki. Mnyama huyo wa jamii ya panya anaweza kupita kilo 5. Anakata mashina chini kabisa na kuharibu zaidi ya anachokula.

Kusini mwa Maniema, njia ya zamani ya kumkamata ni mbwa na wavu. Mbwa mmoja hatoshi: simbiliki akimsikia upande huu, anatorokea upande ule kwa njia zake za majanini. Kwa hiyo wawindaji wanatanda wavu kwanza, kisha wanaachilia mbwa kadhaa kutoka upande wa pili.

Mbwa wa kienyeji wa Kongo, ambao Wazungu waliwapeleka Uingereza miaka ya 1930 na kuwaita Basenji, hawabweki sana. Ndiyo maana wanafungwa njuga ya mti. Aliye kwenye wavu haoni kitu, lakini anasikia. Njuga zikikusanyika mahali pamoja, anajua mnyama amepatikana.

Huko Uingereza, wawindaji wa sungura wanafanya karibu hivyo kwa feret, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Nyavu zinafunika milango ya mashimo, kisha feret wanaingizwa. Shimo kubwa linataka zaidi ya mmoja, tena waliozoeana, maana wasiojuana wanaweza kupigana. Kwa mbwa ni vilevile: wanaogombania nyama wanaipoteza.

Uwindaji huu wa karibu na shamba una maana leo. Vita vya makundi yenye silaha, kama Mai-Mai Malaika, vimefanya kwenda mbali porini kuwe hatari. Wavu pia una faida kuliko mtego wa waya: mnyama anakamatwa akiwa hai. Kakakuona akiingia, mwindaji anaweza kumwachilia kabla mbwa hawajamfikia. Uwindaji nchini unaongozwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982, na ile ya tarehe 11 Februari 2014 inahusu uhifadhi wa maumbile ya asili.

Lakini kundi lina hatari yake. Mbwa mmoja akipata kichaa cha mbwa, anaweza kuwauma wenzake wote, kisha watoto nyumbani. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mgonjwa anakufa. Aliyeumwa aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, halafu aende haraka kituo cha afya kutafuta chanjo. Na mbwa wote wa kundi wachanjwe, si yule hodari peke yake.