Nyumba Iliyojengwa Ikiwa Safarini

Jioni isiyo na mawingu, hapa Mnyambe huweza kuonekana "nyota" inayokatiza mbinguni kwa dakika chache bila kumetameta. Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, umbali wa kilometa 400 hivi juu ya vichwa vyetu. Kina uzito wa zaidi ya tani 400, na hakuna roketi ya kubeba mzigo huo kwa safari moja. Ndiyo maana kilijengwa kipande kwa kipande.

Kipande cha kwanza, Zarya, kilirushwa na Warusi tarehe 20 Novemba 1998. Wiki mbili baadaye Wamarekani walipeleka Unity, wakaviunganisha hukohuko juu, vyote vikienda kasi ya kilometa 28,000 kwa saa. Wakazi wa kwanza walihamia Novemba 2000, nyumba ikiwa bado haijaisha (kama nyumba zetu nyingi). Mkono wa mtambo kutoka Kanada ulishika vipande, wanaanga wakatoka nje kukaza na kuunga nyaya. Mwaka 2008 kikaja chumba cha Wajapani, Kibo; humo ndimo ilimotolewa setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mei 2018.

Lakini wanaoishi humo hawarudi nyumbani wanapotaka. Mei 2011, Mwitaliano Paolo Nespoli alifiwa na mama yake akiwa huko. Tarehe 21, Papa Benedikto XVI alizungumza na wanaanga hao kutoka Vatikani, akamwambia kwamba amemwombea mama yake. Nespoli alishukuru, akasema wenzake kituoni walikuwa karibu naye. Alitua siku tatu baadaye.