Utangulizi: Metali Sumu katika Maji ya Chupa

Mkazi wa Nakuru, Njoro au Gilgil hahitaji maabara ili ajue kwamba maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi. Huiona kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia huko. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili hupita hapo kwa sababu maji yake hukaa ndani ya miamba ya volkeno. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ikaanzisha uchujaji kwa mkaa wa mifupa. Mwenye uwezo naye akahamia maji ya chupa.

Akihama hivyo huwa amekwepa adui anayemjua. Fani ninayokukaribisha huwatafuta wasiojulikana: risasi, kadimi, aseniki, zebaki, antimoni. Katika viwango tunavyovizungumzia, metali hizi hazina rangi wala ladha, na hazitii jino doa. Mwongozo wa shirika hilohilo kwa risasi na aseniki ni mikrogramu 10 kwa lita; kwa kadimi ni 3. Chukua boza la maji la lita 10,000: risasi yote inayokubalika humo ni gramu 0.1.

Hutoka wapi? Aseniki hutoka kwenye miamba, hasa palipo na mvuke na maji moto ya ardhini. Risasi aghalabu hutoka kwenye mabomba, viungio vya shaba nyeupe na lehemu. Antimoni ndiyo inayonivutia zaidi, maana huletwa na chupa yenyewe: hutumika kutengeneza plastiki ile angavu, kisha huvuja polepole ndani ya maji, na joto huharakisha. William Shotyk na wenzake wa Heidelberg walionyesha uvujaji huo mwaka 2006. Kwa kawaida kiasi chake hubaki chini sana ya kikomo cha mikrogramu 20, kwa hiyo sikutishi. Ila alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) haiwezi kukuambia chupa uliyonunua kando ya barabara kuu ilianikwa juani kwa muda gani.

Sasa tuingie maabara. Chupa za sampuli hulowekwa katika tindikali ya naitriki na kusuuzwa kwa maji yaliyosafishwa mno. Sampuli nayo hutiwa tindikali kidogo, la sivyo metali hujibandika kwenye kuta za chupa na wewe ukapima maji yaliyokwisha kupoteza ulichokitafuta. Pembeni huenda sampuli tupu, yaani maji safi yanayopitishwa hatua zote sawia na mengine. Risasi ikionekana humo, imetoka kwako: vumbi la dirishani, glavu, tindikali ya bei rahisi. Clair Patterson, aliyekokotoa umri wa dunia katika miaka ya 1950, alisumbuliwa mno na risasi iliyotapakaa hewani hata akalazimika kujenga maabara safi ya pekee. Mimi humtaja kwa kila mwanafunzi mpya, kwa sababu wengi huja wakidhani kazi ni kubonyeza mashine.

Mashine nayo huchaguliwa. Katika tanuri la grafiti, tone dogo hukaushwa, huunguzwa, kisha hupashwa moto ghafla kupita nyuzi 2,000 hadi metali iwe atomi huru; mwanga wa taa ya risasi ukipita, atomi hizo huumeza kiasi chake. Kipimo cha aina hiyohiyo kinachotumia mwali wa gesi ni rahisi zaidi, lakini kwa risasi mikrogramu 10 hukiponyoka. Kwa hiyo “haikuonekana” iliyoandikwa baada ya mwali inaweza kumaanisha tu kwamba kifaa hakikuwa na macho ya kutosha.

Ukiletewa ripoti ya maji, basi, kabla ya kusoma matokeo tafuta mambo mawili: kikomo cha utambuzi cha kifaa, na matokeo ya sampuli tupu. Isipokuwa nayo, irudishe kwa aliyeiandika.