Jani la Hindi Linapogeuka Manjano: Anayojifunza Mwanafunzi wa Shahada ya Kilimo

Mzazi aliyekulia shambani, ambaye amelima mahindi tangu alipoweza kushika jembe, aghalabu hushangaa aambiwapo kwamba mwanawe amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea kilimo. Huuliza, na swali lake ni la haki, kuna nini katika kulima kinachohitaji miaka mitatu au minne ya vitabu. Mtoto wa jirani amekwenda kusomea udaktari na atarudi na dawa. Huyu wa kilimo atarudi na nini ambacho babu yake hakukijua?

Jibu laweza kuanzia kwenye jani moja la hindi. Shamba la mahindi lenye umri wa wiki sita limeanza kugeuka manjano. Kwa mtazamaji asiyefunzwa, manjano ni manjano tu, na tiba iliyo karibu ni mfuko wa mbolea. Mwanafunzi wa kilimo hufundishwa kuuliza kwanza ni majani yapi yaliyogeuka. Ikiwa ni yale ya chini, yaliyokwisha kuzeeka, na manjano yameanzia nchani yakafuata mshipa wa kati kwa umbo la herufi V, basi mmea una njaa ya nitrojeni. Kirutubisho hiki huweza kuhama ndani ya mmea. Kikipungua, mmea hukinyang'anya kutoka majani makuukuu na kukipeleka kwenye machipukizi. Salfa haihami kwa wepesi huo, kwa hiyo upungufu wake huanza kuonekana kwenye majani machanga. Njaa ya potasiamu huunguza kingo za majani ya chini, kana kwamba yamepitishwa karibu na moto.

Lakini huenda isiwe njaa hata kidogo. Mistari myembamba iliyokatikakatika, inayofuata mishipa ya majani machanga, ni dalili ya ugonjwa wa milia uletwao na virusi. Yamkini maji yametuama na mizizi imekosa hewa. Yamkini pia kiduha, gugu linalojiunga na mizizi ya mahindi na kuyafyonza, kimekwisha kuanza kazi yake chini ya ardhi kabla maua yake hayajachomoza. Tena tangu mwaka 2011 Afrika Mashariki ina adui mwingine, ugonjwa wa mahindi usababishwao na virusi vya aina mbili vinavyoshambulia mmea kwa pamoja, uliotambuliwa kwanza nchini Kenya. Nao huanza kwa majani kupauka na kuwa manjano. Mkulima aliyeuza mbuzi wawili ili anunue mbolea, akaitia katika shamba lenye virusi, amepoteza mbuzi na msimu pia. Kosa la mshauri wake hulipwa na yeye.

Nchini Tanzania masomo ya kilimo ya ngazi ya shahada yana historia yake Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Chuo cha Kilimo kilichofunguliwa huko mwaka 1965 baadaye kiligeuzwa kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwaka wa kwanza wa masomo ya namna hii huwavunja moyo wengi. Mwanafunzi aliyetarajia trekta na ng'ombe hukutana na kemia, botania, hesabu na elimu ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Hata hivyo, bila kemia hawezi kueleza kwa nini mbolea ya urea iliyomwagwa juu ya udongo wenye unyevu na kuachwa bila kufukiwa hupotea hewani kama gesi ya amonia. Mfuko wa kilo 50 wa urea una nitrojeni kilo 23 tu; sehemu yake ikipaa angani, mkulima amenunua harufu.

Somo lililo tajiri kuliko yote, na ambalo wanafunzi hulikumbuka kwa muda mrefu, ni la udongo. Halifundishwi darasani pekee. Wanafunzi huchimba shimo la kina cha mita moja na nusu hivi, huingia ndani, na kuusoma ukuta wake tabaka kwa tabaka: rangi, mshikamano, mizizi imefika wapi na imezuiwa na nini. Udongo uliolowa na kusuguliwa kati ya vidole huonyesha kadiri ya mchanga na mfinyanzi. Madoa ya kijivu na ya rangi ya kutu huonyesha kwamba maji hutuama hapo sehemu ya mwaka, hata kama siku ile pamekauka kabisa.

Afrika Mashariki imechangia neno moja katika elimu hii duniani kote. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alipendekeza kwamba udongo wa nchi hizi usichorwe kwenye ramani kama viraka, bali kama mnyororo unaoshuka kutoka kilima hadi bondeni, pingili kwa pingili, kila aina ikiwa mahali pake kwa sababu ya maji yanavyopita na kubeba chembe. Aliuita mnyororo huo kwa neno la Kilatini, katena, ambalo hadi leo limo katika vitabu vya udongo vya kila bara. Wakulima wa Usukumani walikuwa na elimu inayofanana nayo tangu zamani: luseni kwa udongo wa kichanga wa juu, itogolo kwa ule mgumu wa mteremko wa chini, na mbuga kwa ule mweusi wa bondeni unaopasuka wakati wa kiangazi. Mwanafunzi anayedhani kwamba amekwenda kijijini kufundisha majina ya udongo hugundua mapema kwamba majina yapo. Analoweza kuongeza ni vipimo na sababu.

Gharama ya kutousoma udongo ilionekana Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza huko mpango wa karanga uliokusudiwa kuenea katika Afrika Mashariki na ya Kati kwa ekari zaidi ya milioni 3. Ua la karanga hufunguka juu ya ardhi, kisha kikonyo chake hujipinda na kuzama udongoni, ambako ganda na punje hukua. Mmea wa tabia hiyo huhitaji udongo uliolegea. Udongo mwekundu wa Kongwa, ukikauka, hushikamana kama tofali, na majembe ya mashine yaliharibika juu yake. Mvua nazo hazikutegemeka. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Mashine, fedha na watu walikuwapo kwa wingi. Kilichokosekana ni misimu michache ya majaribio madogo kabla ya kuanza.

Ni vema kutaja hapa hesabu moja ambayo kila mwanafunzi hufanya. Udongo wa hekta moja, kwa kina cha sentimita 15, una uzito wa kilo milioni 2 hivi. Maabara hupokea nusu kilo, na katika hiyo hupima gramu chache. Kwa sababu hiyo sampuli haichukuliwi mahali pamoja. Mchukuaji hupita shambani kwa kupindapinda, huchota vijikoleo kumi na tano au ishirini, huvichanganya ndani ya ndoo safi, na huepuka kichuguu, njia ya ng'ombe na mahali palipokuwa na zizi. Chombo ghali cha maabara hakiwezi kurekebisha sampuli iliyochukuliwa kwa uvivu.

Linafuata somo ambalo wanafunzi hulichukia kuliko mengine, nalo huenda ndilo lenye manufaa makubwa zaidi: upangaji wa majaribio na takwimu. Misingi yake iliwekwa na Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha Rothamsted, Uingereza. Tatizo lake lilikuwa la kawaida kabisa. Shamba lililotiwa mbolea limetoa magunia mengi kuliko lisilotiwa. Je, ni mbolea, au ni udongo uliokuwa bora tangu awali? Mwanafunzi anayetaka kulinganisha viwango vinne vya nitrojeni hugawa shamba katika vitalu kumi na sita. Huvipanga kwa makundi manne yanayokata mteremko, ili vitalu vya kundi moja vilingane kwa unyevu na rutuba kadiri iwezekanavyo, na kila kundi lipate viwango vyote vinne. Ndani ya kundi, kura huamua kitalu kipi kipate kiwango kipi. Kura hiyo si mchezo: humzuia mtafiti kuipendelea, hata bila kujua, mbolea anayoiamini. Marudio nayo huonyesha ni kiasi gani mavuno hutofautiana yenyewe, bila mkono wa mtu.

Hata mizani huhitaji akili. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi asilimia 13 huwa kilo 92 hivi. Anayelinganisha mahindi mabichi ya kitalu kimoja na makavu ya kingine amelinganisha maji.

Katika elimu ya urithi, mwanafunzi hupata jibu la lawama moja ya zamani. Mkulima hununua mbegu chotara, huvuna vizuri, huhifadhi punje kubwa na kuzipanda mwaka unaofuata. Mavuno hushuka, naye husema muuzaji alimdanganya. Hakuna aliyedanganya. Nguvu ya chotara hutoka katika kukutana kwa wazazi wawili walio mbali kwa asili, kama H611 iliyotolewa Kitale, Kenya, mwaka 1964 kwa kuvusha mahindi ya hapo na mahindi yaliyotoka Ecuador. Kizazi kinachofuata huchanganya upya sifa hizo, na sehemu ya nguvu hupotea. Mbegu zisizo chotara, kama Staha na TMV-1, huweza kupandwa tena iwapo mkulima atachagua magunzi kutoka katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani.

Masomo ya mifugo, umwagiliaji, misitu na mashine yamo pia, kila moja likistahili makala yake. La uchumi wa kilimo haliwezi kuachwa. Kwa miaka mingi wataalamu waliwahimiza wakulima wa Usukumani kupanda pamba mapema, na wakulima waliendelea kuipanda kwa kuchelewa. Ilionekana kama ukaidi, mpaka siku za kazi zilipohesabiwa: mvua za kwanza zilikuwa ndizo siku za kupanda chakula, na nyumba ina mikono michache. Ushauri ulikuwa sahihi kwa mmea, si kwa familia.

Kabla ya kuhitimu, mwanafunzi hupelekwa vijijini kwa mafunzo ya vitendo. Huko hukutana na shamba lililogeuka manjano, na mwenyewe akisubiri kutajiwa jina la mbolea. Mwanafunzi aliyefunzwa vema hatamki jina lolote kwa muda. Hung'oa mmea mmoja wa manjano na mmoja wa kijani, huilaza pamoja kivulini, huosha na kuchunguza mizizi, ndipo humwomba mzee mwenye shamba amwonyeshe maji ya mvua hupitia wapi.