Usiamini jicho mbele ya motere inayozunguka



Kazini tunavaa kofia ngumu, miwani na viatu vya usalama. Hakuna anayetia mkono ndani ya mashini inayozunguka. Lakini siku ya Mungu, nyuma ya nyumba, mtu yuleyule anafungua motokari yake ya zamani. Amevaa kandambili, watoto wamemzunguka, motere inanguruma. Anataka kurekebisha avansi. Hatari haina siku ya mapumziko.

AVANSI NI NINI?

Katika motere ya esanse, buji inatoa cheche ya kuwasha esanse na hewa ndani ya silinda. Kuwaka kunataka muda kidogo. Kwa hiyo cheche inapaswa kutoka kabla pistoni haijafika juu kabisa. Hiyo ndiyo avansi, nayo inapimwa kwa digrii kwenye alama za puli. Katika motokari yenye delko, fundi analegeza delko na kuizungusha kidogo tu.

Avansi ikizidi, motere inagonga wakati wa kupanda mlima, na pistoni inaweza kutoboka. Ikipungua, nguvu inapotea, motere inachemka, na esanse inakwisha upesi. Kila motere ina hesabu yake katika kitabu chake. Motokari nyingi za siku hizi hazina delko: kompyuta ndogo ndiyo inayopanga cheche. Hizo zipelekwe garaji. Motere ya mazuti nayo haiwashwi kwa cheche. Usiiguse kwa mafundisho haya.

JICHO LINADANGANYWA

Mafundi wengi wanapima kwa lampe inayomulika kila mara buji ya kwanza inapotoa cheche. Kwa kuwa mwanga unakuja kila mara puli ikiwa mahali palepale, puli inaonekana kama imesimama. Vantilateri nayo inaweza kuonekana imesimama, au inatembea polepole. Kumbe motere ya mizunguko 800 kwa dakika inazungusha puli mara 13 na zaidi kila sekunde! Mtu anasahau, anapeleka mkono kushika delko, na vidole vinakwenda.

Hata kazini taa za neoni zinaweza kudanganya jicho hivyo mbele ya mashini. Ndiyo maana tunafundishwa: simamisha kwanza, kata umeme, kisha shika.

FANYA KAZI MOTERE IKIWA IMESIMAMA

Motokari ya zamani yenye platini inapimwa bila kuwasha motere:

1. Weka motokari mahali sawasawa, vuta freni ya mkono, toa vitesi, weka mawe kwenye magurudumu.

2. Rekebisha kwanza nafasi ya platini. Ukiigusa baadaye, avansi itabadilika tena.

3. Kontakti ikiwa imefungwa, zungusha puli kwa ufunguo mpaka alama ifike kwenye digrii za kitabu, na kidole cha delko kielekee buji ya kwanza.

4. Unganisha ampulu ya volti 12 kati ya waya mwembamba wa delko na chuma cha motere. Fungua kontakti.

5. Legeza delko. Izungushe upande kidole kinakokwenda mpaka ampulu izimike. Kisha irudishe polepole. Pale ampulu inapowaka, hapo hapo kaza.

6. Funga kontakti mara moja, maana bobini inapata moto.

KAMA LAZIMA MOTERE IZUNGUKE

Fanya kazi nje, si ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wa motere una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ndugu zetu wa chini ya udongo wanaijua baada ya kupiga baruti. Kichwa kikiuma, moyo ukichafuka, usingizi ukija, toka haraka. Aliyeanguka atolewe kwenye hewa safi na apelekwe hospitali.

Vua saa, pete na tai. Kunja mikono ya shati. Bibi anayeshika taa afunge kitenge na kitambaa chake vizuri.

Usishike waya nene za buji. Ndani yake mna volti 20,000 na zaidi. Mstuko wake unaweza kurusha mkono wako moja kwa moja kwenye vantilateri. Mwenye kifaa cha umeme moyoni asikaribie kabisa.

Vantilateri ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata motere ikiwa imezimwa. Kabla ya kuweka mkono karibu nayo, zima motere, kisha toa waya wa batri.

Sigara iwe mbali na esanse na batri. Watoto wawe mbali zaidi.

Baba, mtoto anatazama mikono yako na anajifunza. Akikuona unazima motere kabla ya kushika, naye atafanya hivyo siku moja. Pistoni ikitoboka, utanunua ingine. Mkono hauuzwi kwenye duka lolote.

SIMAMISHA, KISHA SHIKA!