Dashibodi Mpya katika Gari Kuukuu

Mwaka 1971 kiwanda cha Land Rover nchini Uingereza kilitoa muundo wa gari ulioitwa Series III. Hadi wakati huo mita za magari hayo zilikaa katikati ya dashibodi ya bati, mahali palipofaa usukani ukiwa kulia au kushoto. Katika muundo huu zilihamishiwa mbele ya dereva, ndani ya dashibodi ya plastiki. Magari ya miundo yote miwili yametumika sana katika Afrika Mashariki, na baadhi yangali yakitembea. Haishangazi basi kwamba mwenye gari la Series IIA, muundo uliotengenezwa kati ya 1961 na 1971, hutamani kulivika uso wa ndugu yake mdogo.

Kukata, kutoboa na kufunga skrubu hakumshindi fundi hodari. Ugumu uko kwingine. Mshale tuuonao hutafsiri tu habari iliyoletwa kutoka giaboksi, tangi na injini. Ikiwa mletaji na mfasiri hawasemi lugha moja, mshale utadanganya, tena bila kutetereka.

Tutazame spidomita ya sumaku, ambayo Otto Schulze aliisajilia hataza nchini Ujerumani mwaka 1902. Kebo itokayo kwenye giaboksi huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Viwili hivyo havigusani, wala alumini haivutwi na sumaku. Hata hivyo, sumaku inapozunguka huzusha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo hukiburuta kikombe kuifuata. Springi nyembamba kama unywele hukizuia. Kwa hiyo kikombe, pamoja na mshale wake, hugeuka kwa pembe inayolingana na kasi ya kebo. Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili darasani kwa kuning'iniza mfuniko wa sufuria ya alumini kwa uzi na kuzungusha sumaku yenye nguvu chini yake. Mfaransa Arago aliona ajabu ya namna hii mwaka 1824, lakini maelezo yake yalingoja ugunduzi wa Faraday wa mwaka 1831.

Spidomita, basi, haijui maili wala kilomita. Inajua mizunguko ya kebo. Spidomita nyingi za Smiths, kampuni iliyouzia viwanda vingi vya Uingereza, zina tarakimu ndogo usoni ionyeshayo idadi ya mizunguko kwa kila maili. Tuseme giaboksi ya gari hutoa mizunguko 1,000, na mita iliyowekwa inataka 1,280. Dereva aingiapo mjini, penye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, huona mshale kwenye 50 na moyo wake ukatulia, kumbe anakwenda 64. Kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, gari lake lina nishati zaidi kwa asilimia 64 hivi, na breki zile zile zitahitaji umbali mrefu zaidi kwa kiasi hicho hicho ili kulisimamisha. Mtoto avukaye barabara hana habari ya mizunguko ya kebo.

Geji za mafuta na za joto la injini zina hila nyingine. Katika geji nyingi za Smiths za miaka ya 1960 na 1970 mna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme huupasha joto, metali moja hutanuka kuliko nyingine, utepe hupinda, na mshale husogea polepole. Geji hizo zilikusudiwa volti 10, zitokazo kwenye kifaa kidogo kinachopunguza umeme wa betri. Fundi akikisahau na kuunganisha geji moja kwa moja, injini ikiunguruma volti hufika karibu 14. Joto ndani ya geji hufuata mraba wa volti, yaani litakaribia maradufu. Geji zote mbili zikipanda pamoja kupita kiasi, hicho ndicho cha kwanza kuchunguzwa.

Aidha, kila geji ya mafuta ina kipimo chake ndani ya tangi, ambacho ni rezista inayobadilishwa na boya. Kuna mfumo ambao tangi tupu hutoa omu 240 na tangi lililojaa omu 33. Kuna mwingine ambao tupu ni 10 na kujaa ni 180. Ukichanganya geji ya mmoja na boya la mwingine, tangi likikauka mshale utasema limejaa.

Nchaumeme nazo zisisahauliwe. Magari ya Series IIA ya mwanzo yaliunganisha ncha chanya ya betri na bodi. Katika miaka ya mwisho ya 1960 ikawa ncha hasi. Utepe wa metali mbili haujali, lakini chombo chenye transista kinaweza kuungua papo hapo. Tena, kwenye gari lenye alteneta, taa nyekundu ya chaji mara nyingi hupitisha mkondo unaoiamsha alteneta yenyewe. Globu hiyo ikiachwa nje kwa kudhaniwa pambo, betri yaweza kukosa chaji.

Dashibodi za magari ya siku hizi ni suala jingine kabisa: nyingi hupokea taarifa za tarakimu kupitia jozi ya nyaya, na katika gari la kale hakuna wa kuzituma. Hapo huhitajika kompyuta ndogo ya kutafsiri, na gharama hupanda upesi.

Kazi ikiisha, ipimwe. Katika barabara iliyonyooka yenye vibao vya kilomita, gari likishika 60 thabiti litamaliza kilomita moja kwa sekunde 60. Abiria ndiye ashike saa. Kipimo cha joto hutumbukizwa katika maji yanayochemka, bodi yake ikiwa imeunganishwa na bodi ya gari: Mombasa maji hayo yana nyuzi 100, lakini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, ni 94 au 95 hivi. Hatimaye tarakimu za umbali za mita iliyotolewa na za ile iliyowekwa ziandikwe pamoja na tarehe, na ielezwe kama ni maili au kilomita, ili atakayelinunua gari hilo aweze kujumlisha mwenyewe.