Motokaa Haioshwi Juu Tu
Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi yake iliundwa kwa alumini, ambayo haishiki kutu. Mbavu zake ni bapa, nazo huoshwa upesi. Lakini mwenye gari asidanganyike! Fremu iliyo chini ni ya chuma, nayo ni tupu ndani kama mwanzi. Tope huingia humo na kukaa na unyevu, kutu ikala kimyakimya. Basi yafaa kuanza chini: mwaga maji mengi ndani ya fremu mpaka yatoke safi, kisha uoshe bodi. Mng'aro hupendeza macho, bali fremu ndiyo ibebayo abiria.